Gauni la Mikono Isiyolingana

Tarehe 3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na bati la jikoni limepata fundi. Sisi huku hatujambo. Chiriku anaongea kutwa kucha, jina ulilompa limemkaa. Jana amemuuliza muuza mkaa kama na yeye huwa anaogeshwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Muuza mkaa kacheka mpaka kaniongezea kopo.

Usiulize kwa nini sipigi simu. Napiga, Shangazi. Unapokea, unapaza sauti "Haloo! Haloo! Nani?" mpaka salio linaisha, halafu unawaambia majirani kwamba nimekusahau. Bora barua, haina haloo.

Haya, sasa la maana. Wiki iliyopita tuliitwa ukumbi wa ofisi ya mji, sisi wenye biashara ndogondogo. Alisimama afisa manunuzi, kijana wa miwani, sauti ya upole, akatueleza. Zamani nguo zote za hospitali ya mji, mashuka, mapazia, magauni ya wagonjwa, zilikuwa zabuni moja. Zigo lenyewe kubwa mno, mdogo akilitazama anarudi zake nyumbani. Mwaka huu wamelikata mafungu, na baadhi ya mafungu wamewatengea watu wadogo wa hapahapa: vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fungu moja ni magauni ya wodi ya wazazi. Magauni, Shangazi! Kitu nilichoanza kushona kwako hata miguu haijafika vizuri kwenye pedali.

Kiberiti, mwenzetu wa cherehani, akanyoosha mkono. "Na hawa wakubwa wakija wamevaa majina ya wake zao, mtawajuaje?"

Ukumbi mzima ukacheka. Afisa naye akacheka, lakini akajibu: "Ndiyo maana kabla ya kumpa mtu kazi, nitakuja kuiona cherehani yake kwa macho yangu, na mwenyewe ameikalia."

Nikukumbushe tulivyo, tuko wanne kwenye chumba kimoja nyuma ya studio ya picha. Mimi. Kiberiti, mdogo wa umbo, mwepesi wa kuwaka. Bi Nafasi, ambaye kiti chake tumekiweka mwisho kabisa ili wengine tupate pa kupita. Na Kushoto, aliyezaliwa na mkono wa kulia mfupi, unaishia juu ya kiwiko. Huo mfupi unabana kitambaa, wa kushoto unakiendesha, na mshono wake umenyooka kutushinda sote. Tulipotoka ukumbini akaupigapiga ule mfupi akasema, "Leo ndiyo mara ya kwanza huyu kuniombea kazi badala ya kuninyima."

Sasa Shangazi, jambo lililonikaa kooni. Baba mdogo amenitafutia kazi ya ndani, mji wa mbali, mkataba wa miaka. Nyumba hiyo haipokei mtoto. Anasema viraka na zipu havilei mtu, na tangu baba Chiriku atutoke kweli ni viraka na zipu tu. Nimemwomba asubiri zabuni itoke. Tukiipata, nabaki na mwanangu. Tukiikosa, nitakwenda.

Nikienda, utakaa na Chiriku? Nijibu hilo, hata kama mengine yote utayaacha.

Mwanao,
Mama Chiriku


Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na alama ya kidole cha mafuta pembeni. Nimejua ni cha nani, nimekibusu.

Kifua kimelala. Kinaamka nikicheka tu, kwa hiyo habari za muuza mkaa usiniandikie tena. Au niandikie zote, potelea mbali. Bati limepata fundi: ameziba tundu moja, ametoboa mawili, kisha akasimama mlangoni akisubiri nimsifu.

Hiyo zabuni imenipa raha. Mimi nimeshonea watu waliokuja mlangoni kwangu, mmoja mmoja, na kila mmoja na mbwembwe zake. Serikali sijawahi kuishonea, wala sikujua kama inavaa. Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Someni karatasi yao yote, hata yale maandishi ya chini ambayo huwekwa madogo makusudi. Na mshono wa ndani uwe msafi kama wa nje, maana mgonjwa anavaa upande wa ndani, upande wa nje ni wa wageni.

Msalimie Kushoto. Mwambie asigombane na Kiberiti, amwache awake azime mwenyewe.

Kuhusu lile swali lako, mvua huku zimeanza mapema mwaka huu.

Shangazi yako


Tarehe 10 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hatujambo, ila Chiriku aling'oka jino la mbele na sasa anaongea kwa mluzi.

Umeniandikia habari za mvua. Nimesoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa. Haya, nashukuru kusikia mnanyeshewa.

Kazi imeanza. Wanataka sampuli tatu za gauni: ndogo, ya kati na kubwa. Rangi ya samawati iliyopauka, mikono ifike viwikoni, kamba za kufunga mbele ili mama aweze kunyonyesha. Tulichanga tukanunua kitambaa, kipande cha mwisho cha jora, muuza duka akatuapia kwamba rangi ile haina ndugu mji mzima. Karatasi ya vipimo walitupa pia. Bi Nafasi akaishika kwa vidole viwili akaigeuza. "Hii ina mabega? Ina kifua? Nani anashona kwa karatasi na watu tupo?"

Tukaona ni kweli, kwani wewe ulinifundisha hivyohivyo, nisikate kabla sijaushika mwili wa mtu. Kwa hiyo ndogo tumempima Kiberiti, akalalamika futi inamtekenya. Kubwa tumempima Bi Nafasi, tukaiunganisha futi na kamba. Ya kati tumempima Kushoto, maana si mnene si mwembamba, na ana subira ya kusimama. Yametoka mazuri, Shangazi! Kila mtu alivaa lake tukazunguka chumbani kama wagonjwa waliopona.

Kitambaa kilichobaki nimemshonea Chiriku kigauni. Anasema yeye ni daktari. Hakivui hata kulala. Asubuhi ananipima homa kwa kijiko.

Siku ya kupeleka sampuli inakaribia. Na lile swali langu bado liko palepale, linakungoja.

Mama Chiriku


Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Leo sina muda wa salamu, utazidai barua nyingine. Mtu wa posta anasubiri mlangoni na ameshaanza kunung'unika.

Nimerudia barua yako hapo mlipopima. Ya kati mmempima Kushoto. Kushoto! Mwanangu, mkono wa kulia! Kimbia kaliangalie hilo gauni kabla halijatoka chumbani!

Shangazi


Tarehe 29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, shika kifua.

Yule afisa alituwekea siku ya majaribio, sisi wageni wa zabuni. Unapeleka makaratasi na sampuli zako wanazitazama, wanakuambia palipo na kasoro, unarudi kurekebisha kabla ya sanduku la zabuni kufungwa. Tukaenda tumevaa vizuri. Yeye alikaa mezani, na pembeni yake muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama mzito wa maneno, usoni hana tabasamu la bure.

Akalishika gauni la kati. Akalinyanyua juu. Akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele.

"Hili mbona mkono mmoja umekatika?"

Tukatazama. Shangazi, nakuapia, ndipo tulipoona. Tulilikata wenyewe, tulilishona, tulilipiga pasi, tulilikunja, tukalibeba njia nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kitu. Mkono wa kushoto hadi kiwikoni, wa kulia kipande tu. Nguo za Kushoto ndivyo zilivyo siku zote! Macho yetu yamezoea. Kwetu sisi lile lilikuwa gauni zima.

Vijana wa kikundi cha mapazia waliokuwa nyuma yetu wakaanza kunong'ona. Nikaiona safari ya baba mdogo imefunguliwa mlango mbele yangu.

Kushoto akainuka. Akalichukua gauni, akalivaa juu ya nguo zake, akafunga kamba kwa mkono mmoja, chap, akajigeuza.

"Halijakatika, Dada. Limenienea."

Muuguzi mkuu akamtazama. Kwanza mabega yakatikisika, kisha tumbo, kisha akaweka kichwa mezani akacheka kicheko cha mtu asiyecheka kila siku. Afisa akavua miwani akafuta machozi. "Limekaa vizuri kweli," akasema. "Lakini akija mwenye mikono miwili?"

"Mmoja ataukunja!" Kiberiti akadakia.

Basi hata wale vijana wa mapazia walilala juu ya mabenchi kwa kicheko.

Walipotulia, afisa akatueleza kwa utaratibu. Akasema vipimo vya karatasi si vya mtu yeyote, ndiyo maana yeyote anaweza kuvivaa. Wodini haijulikani nani ataingia usiku huo, mnene au mwembamba, na gauni lazima liwe tayari linamsubiri. Shangazi, sikuwahi kuliwaza hilo. Sisi tunasubiri mtu aje ndipo tushone. Huko gauni ndilo linalosubiri mtu. Bi Nafasi akaiomba ile karatasi ya vipimo, safari hii akaishika kwa mikono yote miwili.

Dogo na kubwa yalihitaji kurekebishwa kidogo tu. La kati lilitaka mkono mpya, na kitambaa hakuna. Nilizunguka maduka yote. Samawati zipo, lakini moja imekoza, nyingine ina kijani ndani yake. Nikarudi nyumbani nimejiinamia, na nani ananifungulia mlango? Daktari, amevaa samawati iliyopauka yenyewe.

Nilipiga magoti. Nikamwambia kuna mgonjwa kazini.

"Anaumwa wapi?" akauliza kwa mluzi.

"Mkono. Hana mkono mmoja."

"Mtu?"

"Gauni."

Akafikiri sana. Midomo ikaanza kutetemeka, na yangu hivyohivyo. Halafu akakivua kigauni mwenyewe, akanipa, akasimama kifua wazi akaamrisha: "Ushone pole pole, usimuumize."

Nilikifumua kigauni dirishani, na uzi mwingine niliufumua bila kuuona kwa machozi. Kushoto ndiye aliyeuweka mkono mpya, kwa vipimo vya karatasi. Na ule mkono mfupi tulioutoa hakuutupa. Aliukunja kiunoni, akatia uzi, akamshonea mwanasesere wa Chiriku gauni. Limemkaa kama alipimwa. Chiriku sasa si daktari tena, ni mama wa daktari.

Sampuli zimeingia sandukuni kabla halijafungwa. Sasa tunasubiri.

Na wewe nakusubiri pia. Utamchukua?

Mama Chiriku


Tarehe 2 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Onyo lako lilifika, ila lilifika tumeshachekwa. Kiberiti amelibandika ukutani juu ya cherehani, "Mwanangu, mkono wa kulia!" na kila mteja anauliza maana yake, nasi kila mteja tunamhadithia.

Afisa alikuja kuiona sehemu yetu ya kazi, kama alivyoahidi. Alikuta kila mtu ameikalia cherehani yake, na Bi Nafasi ilibidi asimame ili yeye apite, kisha akae, kisha asimame tena ili atoke. Chiriku alimpelekea mwanasesere ampime homa. Akatuambia kwa uso usiosema ndiyo wala hapana kwamba majibu yatabandikwa ubaoni ofisini.

Hayajabandikwa bado. Baba mdogo anataka neno langu, kule kwenye kazi wamechoka kungoja. Hanisemeshi kwa ubaya, Shangazi, ananionea huruma, na hilo ndilo linaloniumiza. Juzi nilianza kukunja nguo za Chiriku ili nione kama zinaenea kwenye ule mfuko wenye maua. Zinaenea. Nguo zake ni chache sana kumbe.

Barua zangu tatu zimekuuliza neno moja, umenijibu kwa mvua, na nyingine hukujibu kabisa. Kama huwezi, sema huwezi. Kifua chako nakijua, na mtoto huyu anachosha. Sitakasirika. Ila usininyamazie.

Mama Chiriku


Tarehe 19 Mei

SHANGAZI!

Shikamoo, shikamoo tena! Tumepata!

Mimi ndiye niliyekuwa zamu kwenda kutazama ubao. Nikapita mashuka, yamechukuliwa na kampuni kubwa, hayo hatukuyaomba. Nikapita mapazia, wamepata wale vijana, nikawafurahia. Chini yake magauni ya wodi ya wazazi. Nikasoma jina la kikundi chetu. Nikalisoma tena nikifuatisha herufi kwa kidole, kama nilivyokuwa nikisoma darasa la kwanza. Mlinzi akauliza, "Mama, umepotelewa na nini?" Nikamwambia sijapotelewa, nimeokota. Nikamkumbatia. Akashika kofia.

Niliporudi chumbani nilisimama mlangoni. Nilinyoosha mikono yote miwili mbele, sawasawa, kama mikono ya gauni. Kushoto ndiye aliyeelewa kwanza. Akanyoosha yake, mrefu na mfupi. Bi Nafasi alinyanyuka ghafla kiti kikamfuata.

Tumeshaanza kukata. Karatasi ya vipimo imebandikwa chini ya onyo lako. Tumeongeza mafundi wawili, mmoja ni mama mwenye kichanga, tumemtengea kona ya kunyonyeshea. Kikilia anavaa sampuli ya kati tuliyorudishiwa na kufungua kamba, naye ndiye mkaguzi wetu.

Baba mdogo alikuja. Akasimama mlangoni akatazama lile rundo la samawati, akasema, "Mimi nilijua tu." Sikubishana naye, nilimpa mkasi akate nyuzi. Alikata mpaka jioni.

Sasa swali langu limekwisha kazi. Usihangaike kulijibu. Siendi popote.

Mwanao mwenye furaha,
Mama Chiriku


Tarehe 4 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine za zile salamu unazonidai.

Barua yako nilimpa jirani anisomee, nilitaka kuisikia kwa sauti ya mtu mwingine nione kama bado ni kweli. Alipofika kwa mlinzi na kofia, kifua kiliamka, na hakijalala mpaka sasa. Kiache kikohoe, kina haki.

Unasema nisijibu. Umenisumbua tangu Februari nijibu, na sasa unaniambia ninyamaze? Nitajibu.

Siku ile barua ya kwanza ilipofika, sikumaliza hata kuikunja. Nilikitoa stoo kile kitanda chako cha utotoni, nikakipiga msasa, nikakitandika. Kipo chumba cha nyuma, upande usiovuja. Mto nimeujaza mwenyewe. Halafu nikakaa kuandika "mlete", nikaandika, nikaichana. Nikaandika tena, nikaichana tena. Nakujua wewe. Ungejua mtoto ana pa kulala, ungeuona mlango uko wazi, na siku ya kwanza mtu akikucheka ukumbini ungebeba ule mfuko wa maua. Nilitaka ushone kama mtu asiye na pa kumpeleka mtoto. Huo ndio uliokuwa uchoyo wangu, nao umenigharimu usingizi, maana kila usiku nilikuwa nakipita kitanda kitupu nikikisema vibaya.

Kile kikaratasi cha ukutani mnachonitukuza nacho, "mkono wa kulia", kitoeni. Au kiacheni, lakini andikeni chini yake kwamba shangazi aliona kabla ya muuguzi mkuu.

Mkimaliza kazi na mkapeleka magauni yote, funga cherehani siku chache uje. Nami nipimwe. Gauni langu nalitaka la mwili, si la karatasi, na kifua kiachiwe nafasi ya kucheka.

Mwambie Chiriku kitanda kinamngoja. Ila njooni wote wawili. Mmoja peke yake simpokei.

Shangazi yako